Mashuka Mabichi na Sungura wa Wifi

Ukienda kwa mama yangu kumwuliza namna ya kuwakinga sungura na joto, hatakujibu papo hapo. Atakukalisha kwenye kiti cha plastiki, atakutazama mpaka uanze kukagua vifungo vyako, kisha atakwambia, "Kwanza ujue unaongea na nani. Mimi niliua watano kwa mikono yangu, siku moja." Wapo wanaocheka wakidhani anatania. Yeye hacheki. Atakusimulia yote, wifi yake, mashuka, uongo na moto, bila kujipunguzia hata chembe, na akishamaliza ndipo atakufundisha.

Simulizi yake ina pengo moja. Analiacha makusudi kwa ajili ya mtu fulani, na mtu huyo ni mimi. Nimechoka kumwona mama mtu mzima ananibebea aibu yangu, kwa hiyo leo nitaisimulia mimi.

Mama alikuwa dobi wa hoteli. Kwa miaka ishirini na saba alisimama katika chumba cha chini kisicho na dirisha, mashine za kufulia upande mmoja, meza za pasi upande wa pili, na mvuke katikati. Alikuwa akirudi nyumbani vidole vimekunjamana, lakini gauni lake halina kunyanzi hata moja. Mtaani wanamwita Mama Nyoosha, na si kwa sababu ya nguo peke yake. Ukikosea atakunyoosha mbele za watu, halafu atakuuliza kama umekula.

Alipostaafu, hoteli ilimpa cheti na jozi mbili za mashuka mapya, mazito, yale ya vyumba vya wageni wakubwa. Cheti kilitundikwa ukutani, mende wakakishughulikia. Mashuka yalifungiwa sandukuni pamoja na vidonge vya kufukuza nondo, na hakuna aliyewahi kuyalalia. Niliwahi kuugua homa nikayaomba, akanijibu kwamba homa haijui tofauti ya shuka.

Sungura walikuja baada ya kustaafu, kwa sababu mikono yake haikujua kukaa bure. Alianza na wawili, na ndani ya miaka mitatu akawa nao kumi na wanne, na kichwa kikaanza kumvimba. Kusema kweli alijua kazi. Aliwaambia watu kwamba sungura hatoki jasho kama sisi, masikio ndiyo feni yake, basi ukiona yamekuwa ya moto yapanguse kwa kitambaa kibichi, lakini usimmwagie maji ya baridi mwili mzima, utamuua kwa mshtuko. Aliweka vipande vya marumaru ndani ya mabanda ili walalie ubaridi. Maji aliyaweka kwenye bakuli za udongo, majani aliyaosha na kuwapa yakiwa bado yanachuruzika. Aligandisha chupa za maji, akazivika soksi zangu kuukuu na kuwawekea wajiegemeze. Na juu ya yote hayo alitundika mashuka mabichi kuzunguka mabanda, kwani hakuna shida duniani ambayo mama hakuamini inaweza kupunguzwa na shuka lililofuliwa vizuri.

Wifi yake, yaani shangazi yangu, anakaa mitaa minne kutoka kwetu. Ni dada yake baba, mjane, mpole wa sauti lakini ana maneno. Tangu siku ya harusi yeye na mama walitaniana, na utani wao ulikuwa na miiba midogo. Shangazi alikuwa akisema kaka yake aliolewa na pasi. Mama alikuwa akijibu kwamba bila pasi hiyo kaka mtu angezikwa na kunyanzi.

Kisha baba akafariki kweli, na huo utani wa kuzikwa hakuna aliyeurudia.

Baba alikuwa seremala. Kazi yake ya mwisho, mapafu yakiwa tayari yanamsumbua, ilikuwa banda la sungura, na alimtengenezea dada yake. Banda la mbao ngumu, limesimama juu ya miguu minne, mlango wenye bawaba za shaba alizozitoa kwenye kabati la zamani. Upande mmoja aliuacha wavu mtupu, akaugeuzia kule upepo unakotokea. Alimwahidi mama kwamba la kwake lingefuata, kubwa zaidi, na akapima ukutani kwetu kwa penseli. Zile alama nne za penseli zipo hadi leo. Mama alipopaka ukuta rangi alizizunguka kwa brashi ndogo. Akanunua mabanda ya chuma kwa fundi wa kuchomelea, na kila alipokwenda kwa wifi yake alisimama upande ambao banda lile halionekani.

Kiangazi cha mwaka ule, binti wa shangazi alikaribia kujifungua katika mji mwingine, na shangazi akaitwa kwenda kumsaidia. Alituletea sungura wake watano katika maboksi mawili aliyoyatoboa matundu. Mmoja alikuwa jike mkubwa mweupe aitwaye Bibi Harusi, mwenye mimba.

"Bado kama siku kumi hivi," shangazi alisema. "Wifi, nakuomba kitu kimoja tu. Upande wa upepo usiuzibe. Kaka alikuwa akinisisitizia sana."

Nilimwona mama uso ukimbadilika kidogo. Kuelekezwa lilikuwa jambo moja. Kuelekezwa kwa maneno ya mume wake, na mtu aliyepewa banda, lilikuwa jingine.

"Wifi, wewe nenda ukamwogeshe mjukuu," alisema. "Joto mimi nimelifanyia kazi kabla hujajua kuwasha jiko. Utawakuta wamenenepa mpaka uwasahau majina."

Wakacheka, wakakumbatiana, shangazi akaondoka na begi lake.

Siku tatu mambo yalikwenda vizuri. Mama aliwaweka wageni katika banda tupu karibu na ukuta, akawapa marumaru mapya, akawapangusa masikio asubuhi na mchana. Aliwapendelea waziwazi kuliko wa kwake. Alitaka wifi yake akirudi apigwe na butwaa.

Siku ya nne ilikuwa ya fukuto. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa uzi. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, kwa hiyo chupa za friji zilikuwa maji ya kawaida tu. Nilikuwa navaa viatu niende kazini, kwenye duka la kurudufu karatasi, nilipomwona mama akifungua sanduku. Harufu ya vidonge vya nondo ikajaa chumba. Alitoa mashuka ya hoteli, yote manne.

"Leo unayatoa?" nilimwuliza.

"Leo ndiyo siku yake."

Aliyalowesha, akayakamua nusu, akalifunika banda la wageni kwa mikunjo miwili miwili, pande zote nne na juu. Ncha alizichomekea chini kwa ile mikunjo ya pembe ambayo alikuwa akiwafundisha vijana wa vyumbani, imebana, imenyooka kama kitanda cha mgeni aliyelipia vizuri. Wa kwake aliwatundikia yale mashuka ya siku zote, yaliyochakaa na kutoboka.

"Mama, na ule upande wa upepo?"

"Upepo uko wapi?" alinijibu, akinyoosha mkono hewani kama anayetafuta kitu kilichopotea. Nikacheka, nikaenda zangu kazini.

Mchana aliyamwagia mashuka maji tena, kwa kikombe, kutokea nje, bila kufunua, asije akaharibu mikunjo. Kisha akapita fundi cherehani, jirani yetu, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kufuga. Akamwomba aende kwake akamwonyeshe namna ya kuwahudumia sungura katika joto lile. Mama hajawahi kukataa ombi la namna hiyo. Alikaa huko kwa saa tatu nzima, akifundisha, akinywa chai, akisifiwa.

Niliporudi saa kumi nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya banda. Mashuka yalikuwa yamefunuliwa upande mmoja. Bibi Harusi alikuwa mapajani mwake, mdomo wazi, anahema harakaharaka, pua imelowa, na mama alikuwa akimpangusa masikio kwa pindo la gauni. Wale wanne wengine walikuwa wamelala juu ya marumaru, wamejinyoosha. Nilipoingiza mkono ndani ya banda, hewa ya humo ilinilowesha kiganja.

"Kitambaa kibichi, joto, na hakuna pa kupumulia," mama alisema bila kuniangalia. "Unajua hiyo inaitwaje? Mvuke. Miaka ishirini na saba, mwanangu. Nimewapiga pasi sungura wa watu."

Bibi Harusi alikufa kabla jua halijazama. Wa kwetu wote kumi na wanne walikuwa wazima. Mashuka yao yalikuwa na matundu.

Tuliwazika nyuma ya nyumba. Usiseme ni sungura tu. Mama alikuwa akilia huku anachimba, na mimi nilikuwa nikimwambia shangazi ataelewa, na niliamini hivyo. Hata yeye aliamini. Siku mbili zilizofuata alikuwa akijisemesha jikoni, "Wifi, nimekukosea. Wifi, ulinionya." Nilimsikia akiyapanga maneno, akiyapangua, akiyapanga upya.

Lakini shangazi aliporudi, mjukuu akiwa ameshazaliwa salama, hakuja peke yake. Alikutana njiani na fundi cherehani, ambaye alimpokea begi, na wakaingia wote wawili wakicheka. Shangazi alikuwa amebeba kitambaa cha gauni, rangi ya zambarau aipendayo mama. Kabla hajakaa alianza, "Wifi, kule nililala usingizi mtamu. Nilijua kwako wako salama kuliko hata kwangu." Na fundi cherehani naye akadakia, "Huyu? Huyu ni daktari! Juzi fukuto lile, kama si yeye wa kwangu wasingekuwepo."

 Kitambaa cha zambarau kilikuwa tayari mapajani mwa mama.

"Wifi," alisema, "sungura wako walikuja wagonjwa."



"Wagonjwa? Mbona walikuwa wanakula vizuri?"

"Ndivyo unavyoanza ugonjwa huo. Nimehangaika nao, lakini wamekwenda. Wote."

"Wote? Hata Bibi Harusi?" Shangazi aliweka kiganja mdomoni. "Na wako je?"

"Niliwatenga mapema."

"Lakini wameutoa wapi?"

Hapo ndipo mama angeweza kusema hajui, mambo yakaishia hapo. Lakini uongo ulihitaji mahali pa kukaa, na sijui kilichompitia kichwani, au labda najua. "Lile banda, wifi," alisema. "Mbao za miaka yote. Zinanyonya mikojo, ugonjwa unalala humo humo. Dawa haifiki."

 Shangazi alinigeukia mimi. Nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Alinigeukia kwa sababu tangu utotoni nilikuwa na sifa ya kutosema uongo. Hata baba alinitumia kama shahidi wakigombana na mama.

"Kweli, mwanangu? Uliwaona?"

"Ndiyo, shangazi," nilisema. "Walikuja wamelegea."

Basi akalia. Akashuka kitini, akamshika mama mikono yote miwili. "Nisamehe, wifi yangu. Nimekuletea balaa nyumbani kwako. Ungepoteza na wa kwako kwa ajili yangu. Nisamehe." Na mama, uso mkavu, akaitikia, "Yamepita."

Neno hilo mama hulirudia anaposimulia. Anasema kuua aliua kwa ujinga, na ujinga unasamehewa. Lakini kuombwa msamaha na mtu uliyemkosea, ukaupokea, hilo bado hajapata sabuni yake.

Wiki ile ilikuwa mbaya. Shangazi alikuwa akija kila asubuhi na kusimama nje ya uzio, haingii, asije akatuletea ugonjwa kwa viatu vyake. "Wameamkaje?" aliuliza kutoka barabarani. "Wazima," mama alijibu akiwa ndani, anaona haya kutokeza. Fundi cherehani aliwasambazia watu habari kwa nia njema kabisa, na waliokuwa wameahidiwa watoto wa Bibi Harusi walianza kumpita shangazi upande wa pili wa njia. Mama hakula. Aliyafua mashuka ya hoteli mara tatu, na kila yalipokauka akayatia maji tena. Mimi nilijitia hamnazo. Nilikwenda kazini mapema, nikarudi nimechelewa, nikajisemea kuwa hilo ni la wazee.

Jumapili mama alipiga moyo konde. Alipiga pasi gauni lake, akalivua, akalipiga tena. "Twende wote," aliniambia. "Nikishindwa kusema, unisukume mgongoni."

Tulisikia harufu kabla hatujafika. Shangazi alikuwa uani na fagio, anakusanya majivu. Pale lilipokuwa banda palikuwa na alama nne nyeusi za miguu, na vipande viwili vya mbao ngumu vilivyogoma kuungua vilikuwa bado vinafuka moshi.

"Nimelichoma alfajiri," shangazi alisema. Macho yake yalikuwa mekundu, sikujua kama ni moshi. "Wiki nzima nimelizunguka, sikuweza. Lakini nikawaza, wifi hawezi kuniambia jambo hilo la mkono wa mume wake kama halina ukweli. Ingemuuma yeye kuliko mimi."

Aliingia ndani, akatoka na kitu amekifunga kwenye leso. Akakiweka kiganjani mwa mama.

"Chuma hakishiki ugonjwa. Hizi nilizitoa kabla sijawasha. Ni zako."

Zilikuwa zile bawaba za shaba. Alikuwa amezisugua kwa majivu mpaka zinang'aa.

Sikuhitaji kumsukuma mama mgongoni. Alikaa chini, palepale kwenye majivu, na gauni lake lililopigwa pasi mara mbili, akasema yote. Mashuka. Mikunjo. Chai ya fundi cherehani. Ndoo. Akasema, "Banda lilikuwa zima, wifi. Halikuwa na ugonjwa wowote. Nilikuonea wivu nalo tangu siku lilipotengenezwa." Alisema hadi hilo.

Shangazi alisikiliza akiwa ameushika mpini wa fagio kwa mikono miwili. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alitazama majivu, akatazama zile alama nne, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama mama.

"Na wewe uliniambia walikuja wamelegea."

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Mtoto usimlaumu," alisema kutoka chini. "Mimi ndiye niliyemfundisha aseme hivyo. Nilimlazimisha."

Shangazi akatikisa kichwa polepole, akamgeukia mama, na kuanzia hapo hasira yake yote ikaenda upande mmoja. Aliingia ndani akafunga mlango. Hakukanyaga kwetu kwa miezi minane. Aliporudi, alirudi kiangazi kingine, akasimama mlangoni na kusema, "Nimekuja kuchukua sungura wawili. Na usinifundishe lolote." Mama akampa wanne. Siku hizi wanataniana tena, ila kwa tahadhari, na zile bawaba mama amezipigilia ukutani katikati ya alama za penseli, mahali ambapo mlango haujawahi kuwepo. Mashuka ya hoteli aliyakata matambara, na kila anayekuja kuuliza habari za sungura hupewa kipande kimoja cha kupangusia masikio, pamoja na onyo la upande wa upepo.

Shangazi bado ananiita mwanangu. Ananiletea mboga kazini, na wiki iliyopita, mbele ya wateja wangu, alisema mimi ndiye mkweli pekee katika ukoo ule, na kwamba siku ile moja nilisukumwa tu na mama yangu. Nikatabasamu, nikaendelea kurudufu karatasi.

Mama hakunifundisha. Hakuniambia hata neno moja kabla ya siku ile. Alikuwa jikoni akipanga kusema ukweli. Hilo "wamelegea" nililitafuta mwenyewe, nikiwa na sinia mkononi, na nilipolipata niliridhika kwamba linafanana na kweli.